Chupa ya mchele, dari la moshi au friji: mbegu za bamia, choya na mtakawa zikae wapi?

Jibu kwanza. Ukiwa Unguja au Pemba na unataka mbegu zako za bamia au choya, ile ya juisi nyekundu, ziote msimu ujao, chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, ikiwa na mchele uliokaangwa ndani, inaishinda friji. Inalishinda pia dari la jikoni, yaani kutundika matunda juu ya moshi, ingawa kwa nyumba zinazopikia kuni ushindi huo ni mwembamba. Bahasha ya karatasi kabatini isihesabiwe kabisa. Friji ni nzuri kwa mtu aliyekwisha kukausha mbegu zake. Kwa asiyekausha ni jokofu la kuozeshea polepole. Mtakawa, ule mti wa pwani, una habari yake mbali.

Anayetaka jibu tu anaweza kuishia hapa. Anayetaka kujua kwa nini, na ni lini jibu hilo linageuka, aendelee.

Maelekezo ya nchi kavu hayatufai

Maelekezo mengi ya kuhifadhi mbegu tunayoyasoma kwenye simu yameandikwa na watu wa nchi zenye hewa kavu. Chukua waridi la jangwani la Australia, Gossypium sturtianum. Ni kichaka cha ukoo wa pamba, maua yake ni ya zambarau hafifu yenye doa jekundu katikati, na ukiliona ua lenyewe utaapa ni hibiskasi. Jina lake linamkumbuka Charles Sturt, Mwingereza aliyesafiri katika majangwa yale kuanzia 1844. Ndilo ua rasmi la jimbo la Northern Territory tangu 1961, na limo kwenye bendera yao iliyopandishwa 1978, ingawa pale limechorwa na petali saba badala ya tano za kweli, kwa sababu za kisiasa za kuhesabu majimbo.

Mji wa Alice Springs, katikati ya nchi hiyo ya waridi, hupata mvua ya kama milimita 280 kwa mwaka mzima. Kwetu masika peke yake huipita hesabu hiyo. Kwa hiyo mtu wa kule hungoja tunda lipasuke lenyewe, hutikisa mbegu ndani ya mfuko wa karatasi, huuweka drooni na kwenda zake. Hewa inammalizia kazi.

Fanya hivyo hivyo Mkoani au Jambiani, halafu fungua mfuko baada ya masika. Utakuta mbegu zina vumbi la kijivu la kuvu, nyingine zimebonyea, na zile zinazoonekana nzima zitaota moja moja kwa unyonge. Bamia, choya na mtakawa ni ndugu wa waridi lile, wote wa jamii moja ya mimea, na mbegu zao zote ni za aina inayovumilia kukaushwa. Tatizo liko kwenye hewa inayozizunguka.

Kibakuli cha chumvi

Kipimo cha hewa unacho tayari jikoni. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji pale unyevu wa hewa unapofika karibu asilimia 75. Chumvi ikiwa chengachenga na inamwagika vizuri, hewa iko chini ya hapo. Ikishikana, ikatoa jasho, kijiko kikatoka na maji, hewa iko juu. Visiwani humu chumvi hutoa jasho sehemu kubwa ya mwaka. Mimi nakiamini kipimo hiki kuliko programu ya hali ya hewa kwenye simu, maana kinapima jikoni kwangu, hakipimi uwanja wa ndege. Siku chumvi inapotoa jasho, chupa ya mbegu haifunguliwi.

Mbegu nayo huvuta na kutoa unyevu mpaka ilingane na hewa iliyopo. Ianike kivulini wiki moja au wiki kumi, haitakauka kupita pale hewa inapoiruhusu. Kwenye hewa ya asilimia 75 hadi 80, mbegu nyingi za mboga husimama kwenye unyevu wa asilimia 11 hadi 14 hivi. Kwa mkono utaiona kavu. Kwa kuhifadhi, bado imelowa.

Sasa hesabu, na hapa ndipo friji inaposhindwa. James Harrington, mtaalamu wa mbegu wa Chuo Kikuu cha California, aliacha kanuni mbili za makisio. Kila unyevu wa mbegu unaposhuka kwa asilimia 1, umri wa mbegu huongezeka maradufu. Kila joto la mahali linaposhuka kwa nyuzi 5 za Selsiasi, umri huongezeka maradufu vilevile. Kanuni hizi zinafanya kazi mbegu ikiwa na unyevu kati ya asilimia 5 na 14, na joto likiwa kati ya nyuzi 0 na 50.

Chumba chetu kina nyuzi 28, friji ina nyuzi 8. Tofauti ni 20, yaani maradufu mara nne: umri unazidi mara 16. Haya, mbegu ya asilimia 13 ikishushwa hadi asilimia 8 kwa mchele mkavu, tofauti ni 5, maradufu mara tano: umri unazidi mara 32. Kikaango na vikombe vitatu vya mchele vimeishinda mashine ya umeme. Ukifanya yote mawili, faida zinazidishana, na mtu mwenye mbegu adimu ana haki ya kutaka yote mawili. Lakini ukilazimika kuchagua moja, kukausha kunatangulia.

Benki kubwa za mbegu zinafuata mpangilio huo huo. Ile ya Svalbard huko Norway, iliyofunguliwa 2008, inaweka mbegu kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, lakini hakuna mbegu inayoingizwa humo bila kukaushwa kwanza.

Kuchuma: mtini au ndani?

Bamia la kitoweo huchumwa siku 4 hadi 6 baada ya ua. Bamia la mbegu linataka kama mwezi mzima. Hapo una njia mbili: kuliacha likaukie mtini mpaka liwe la kahawia na mishono yake ianze kuachana, au kulikata likishaanza kugeuka rangi, ukalifunga na wenziwe kwa kamba na kuyatundika ndani.

Kiangazi, Januari na Februari, liache mtini. Jua na kaskazi vinakukaushia bure, na mbegu inayomalizia kukomaa kwenye mti wake ni nzito kuliko ile iliyokatizwa. Mvua zikiwa karibu, kata mapema na umalizie ndani, hata kama utapoteza uzito kidogo. Bamia lililopasuka likinyeshewa huingiza maji kwenye mishono, na mbegu huota humo humo au huvunda.

Kwa sababu hiyo mimi naipendelea mbegu ya bamia ya vuli kuliko ya masika. Panda Oktoba au Novemba, matunda ya mbegu yanakuwa tayari kiangazi. Bamia la masika linakomaa Juni na Julai. Unguja unaweza kubahatika kukauka, Pemba manyunyu yanakuandama.

Kuacha mtini kuna gharama nyingine, nayo ni wale wadudu wekundu wenye weusi mgongoni wanaokaa makundi makundi kwenye bamia kavu na chini ya mitakawa. Wanachoma mbegu kwa mdomo na kunyonya mafuta yake. Ganda la nje linabaki zima kabisa. Ipasue mbegu kwa ukucha, ndani utakuta kiini kimesinyaa na kugeuka rangi. Ukiwaona kwa wingi, usingoje. Kata, tundika ndani, na baadaye pepeta vizuri kwa uteo: iliyonyonywa ni nyepesi, itaruka na makapi. Wapo wanaozitia majini kutenga zinazoelea, na inafanya kazi, ila unazilowesha tena mbegu ambazo ulikuwa unahangaika kuzikausha. Uteo unatosha.

Kitu kimoja ninachokigombania kila nikipata nafasi: mbegu isitoke kwenye mabaki. Desturi yetu ni kula bamia zote nzuri, halafu zile mbili tatu zilizojificha nyuma ya majani zikazeeka ndizo tunazifanya mbegu. Ukifanya hivyo miaka kadhaa unakuwa umechagua, bila kukusudia, mibamia inayochelewa na inayoficha matunda yake. Mti ulio bora ufungwe uzi mwekundu mapema, na watu wa nyumbani waambiwe huo hauchumwi.

Choya inataka uamuzi huo kwa ukali zaidi. Yale majani mekundu manene yanayolizunguka tunda, tunayoyachemsha kwa juisi, huchumwa yakiwa laini, na wakati huo mbegu ndani bado ni changa, nyeupe au ya kijani. Ukizianika, zitakauka na kusinyaa, hazitaota. Kwa hiyo huwezi kuuza choya na kupata mbegu kwenye kichaka hicho hicho kwa mchumo huo huo. Tenga vichaka vichache, viache mpaka tunda la ndani liwe la kahawia na lianze kupasuka kwenye ncha. Vaa glavu, au walau kata tunda zima kwa mkasi, maana lina vinyweleo vigumu visivyoonekana vinavyoingia kwenye vidole na kukusumbua mpaka kesho yake. Choya hujichavusha yenyewe kwa kiasi kikubwa, hivyo majirani si tatizo. Bamia hutembelewa na nyuki, na kama jirani ana aina nyingine, funika maua kadhaa kwa kitambaa chepesi kabla hayajafunguka.

Kama pakiti ya dukani iliandikwa F1, yaani mbegu chotara, matunda yake ni ya kula tu, si ya mbegu. Watoto wake hawatafanana na mama.

Kukausha: jua, moshi, mchele

Watu wa Pemba hawahitaji kufundishwa kuanika. Karafuu imeshawafundisha: inatandazwa kwenye majamvi, inageuzwa, inaingizwa ndani kabla ya Magharibi ili umande usirudishe kazi nyuma, na mwisho inapimwa kwa kuivunja. Ikivunjika kwa mlio imekauka, ikipinda bado. Mbegu ya bamia ipime kwa namna hiyo: iweke juu ya jiwe uigonge. Kavu inapasuka vipande. Yenye unyevu inabonyea na kujibandika.

Jua ni la hatua ya kwanza tu, siku mbili tatu, na juu ya mkeka au jamvi. Sakafu ya saruji na bati la paa vikipigwa na jua la saa sita vinapita kwa mbali nyuzi 40, na mbegu yenye maji ndani ikichemshwa hivyo hufa ikiwa na sura nzuri kabisa. Weka kiganja hapo. Ukishindwa kukiacha, mbegu nayo isikae.

Moshi ni jambo tunaloliacha haraka mno. Bi mkubwa mmoja wa Micheweni, nilipomuuliza kwa nini anatundika bamia zake juu ya mafiga wakati ana chupa tele, alinijibu: "Mwanangu, chupa inataka ukumbuke. Moshi haunitaki nikumbuke kitu, mie napika kila siku." Na hata Ramadhani futari inapikwa, kwa hiyo hesabu yake haina pengo.

Kuna sababu ya kweli ndani ya jibu lake. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80, ikipashwa mpaka nyuzi 35 bila kuongezewa maji, unyevu wake hushuka hadi karibu asilimia 54. Chini ya dari, juu kidogo ya pale joto linapofika kama vuguvugu, bamia zima zimening'inia kwenye hewa kavu ambayo huipati popote pengine nyumbani, na moshi unafukuza wadudu. Matunda yaachwe mazima, mbegu zikiwa ndani ya ganda lake. Yatundikwe mbali na ulimi wa moto: ukining'iniza kiganja hapo dakika nzima usione taabu, ndipo mahali pake.

Ila dari la moshi ni la jiko la kuni. Aliyehamia gesi hana dari hilo tena. Gesi ikiungua hutoa mvuke wa maji, na masufuria yanaongeza wake, kwa hiyo juu ya jiko la gesi ni pahali pabaya kuliko kabatini. Moto wa mkaa unaowashwa saa moja uani nao haufiki popote.

Basi mchele. Wowote, hata ule wa chenga, maana hauliwi. Ukaange mkavu kwa moto mdogo, ukikoroga, mpaka uwe wa moto wote na uanze kubadilika rangi. Utie kwenye chupa ungali wa moto, funga, uache upoe kabisa humo humo. Ukiuacha upoe kwenye sinia utavuta unyevu wa hewa na kazi yote ni bure. Mbegu zilizokwisha kuanikwa zifunge kwenye kipande cha kanga kuukuu, zizamishe katikati ya mchele, kaza mfuniko. Kipimo kinachofaa ni mbegu kikombe kimoja, mchele vikombe vitatu. Acha wiki mbili. Kisha toa mchele ule, tia mwingine mkavu kidogo wa kukaa nao, na chupa iandikwe jina na mwezi. Mchele wa zamani ukaange tena wakati mwingine.

Badala ya mchele kuna vinavyotajwa sana. Vile vipakiti vya kwenye makasha ya viatu vina kemikali nzuri, lakini vikikufikia huwa vimeshashiba maji siku nyingi, na ni vidogo mno kwa kikombe cha mbegu. Chokaa mbichi iliyotoka tanurini kabla haijamwagiwa maji ni kali kuliko mchele mara nyingi. Inaunguza ngozi na macho, na ikikutana na maji hupata moto. Nyumba yenye watoto isiingie chokaa hiyo. Ile ya gunia ya kupaka ukuta imeshazimwa, haina nguvu ya kuvuta maji. Majivu ya jikoni yaliyopoa ndani ya kopo lililofungwa yanafaa kama nyongeza: yanajaza nafasi kati ya mbegu, mdudu hapati pa kupita, na yanakausha kidogo. Kwa mtu asiye na mchele wa kuchezea, majivu makavu mengi kwenye chupa nzuri ni chaguo la heshima.

Ipo njia ya kupima kwa chumvi inayosambazwa: tia mbegu na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, ngoja robo saa, chumvi ikinata kwenye kioo, mbegu bado zina maji. Itumie, lakini ujue mipaka yake. Chumvi hunata mbegu zikiwa na unyevu wa kama asilimia 15 na zaidi. Ikinata, una jibu. Isiponata, unajua tu kwamba hali si mbaya sana. Asilimia 13 nayo hainati, na asilimia 13 haifai kuwekwa.

Chombo na mahali

Hapa sina mengi. Karatasi inapitisha hewa. Mfuko wa nailoni unapitisha polepole, na tangu Serikali ya Zanzibar iipige marufuku mwaka 2006 hata kuupata si jambo la kujivunia. Chupa ya plastiki ya maji, ikiwa kavu kabisa ndani na mfuniko wake mzima, inatosha kwa msimu mmoja. Kopo la maziwa ya unga linafaa ukiuziba mfuniko kwa nta ya mshumaa. Chupa ya kioo ya achari au jemu, yenye ule mpira ndani ya mfuniko, ndiyo bora, na kila nyumba inayo. Ioshe kwa maji ya moto, ikauke juani kweli kweli. Harufu ya achari haiidhuru mbegu. Panya hawezi kioo, sisimizi hawapiti mpira.

Chagua chupa ndogo nyingi kuliko moja kubwa. Kila ukifungua, hewa ya Unguja inaingia, na chupa kubwa ya kikundi hufunguliwa na kila mtu.

Sasa friji. Ndani yake ni baridi lakini kuna unyevu mwingi, kwa hiyo mbegu za kwenye bahasha huko ndani zinalowa kwa ustaarabu. Kosa la pili ni la mkono: unatoa chupa ya baridi, unaifungua hapo hapo, na hewa yetu inageuka umande juu ya mbegu zote mara moja. Chupa iliyotoka frijini ikae mezani usiku kucha ikiwa imefungwa, ifunguliwe asubuhi. Kwa friza ndivyo hivyo hivyo, na hiyo isiingizwe mbegu ambayo haijapita kwenye mchele, kwa kuwa maji yaliyomo yakiganda yanaipasua kwa ndani. Mbegu kavu zikikaa friza siku tatu, wadudu waliojificha na mayai yao hufa, na hiyo ni faida ambayo chupa ya kabatini haina.

Watu wataniuliza umeme. Unguja inategemea waya wa chini ya bahari kutoka Bara, na tunakumbuka giza la karibu mwezi mzima lililoanza Mei 2008, kisha lile la Desemba 2009 hadi Machi 2010. Samaki waliharibika, biashara zilikufa. Mbegu iliyokauka ndani ya chupa iliyokazwa isingeona lolote katika miezi ile zaidi ya kurudi kwenye nyuzi 28, ambako bado ingekuwa na umri wake wa mara 32. Iliyo kwenye bahasha ingejaa maji ya barafu iliyoyeyuka. Kwa hiyo umeme si hoja dhidi ya friji, ni hoja nyingine ya kukausha.

Mtakawa: mbegu au fito?

Mtakawa wa pwani, Thespesia populnea, ndio wenye undugu wa karibu zaidi na waridi la jangwani kuliko hibiskasi yoyote ya bustanini. Wataalamu wanauweka kundi moja dogo na pamba. Ua lake asubuhi ni la manjano lenye moyo wa damu ya mzee, na jioni linageuka wekundu wa kufifia kabla ya kuanguka.

Tunda lake halina haraka. Linakuwa jeusi, gumu, mara nyingi halipasuki, huanguka na kuelea, na mbegu zake hustahimili safari ya baharini. Mti uliojizoesha hivyo hauhitaji huruma ya friji. Chuma matunda ya kahawia kwenye mti wenyewe, usiokote yaliyotupwa na maji kwenye mstari wa mwani, ambayo hujui yameelea muda gani wala yametoka mti gani. Vunja, toa mbegu zenye manyoya mafupi, ziache siku chache kwenye ungo, tia chupani. Wakati wa kupanda zikwangue upande mmoja kwa msasa mpaka uone weupe, vinginevyo maji hayaingii.

Lakini jiulize kwanza kama unataka mbegu. Mtakawa huota kwa vijiti. Kata fito ya unene wa kidole gumba au zaidi, ichomeke masika yakianza, na ua wa kuzungushia shamba umesimama bila kitalu. Kwa ua, fito inashinda. Kwa kitalu cha kijiji kinachotaka miche mia mbili ya kuzuia mmomonyoko ufukweni, mbegu inashinda, kwa sababu kila mche unatokea tofauti kidogo na mwenzake na ugonjwa mmoja haumalizi wote. Tena mizizi ya mche wa mbegu huzama vizuri zaidi. Hibiskasi ya maua ya mapambo usiitafutie mbegu kabisa, nyingi hazizai, kata kijiti.

Nani achague nini

Mkulima wa bamia za kitoweo anayepanda kila msimu, mwenye jiko la kuni: dari la moshi, basi. Mbegu yake hailali zaidi ya miezi sita na hana haja ya kukaanga mchele. Akihamia gesi, ahamie na chupa.

Mwenye bustani ya uani mjini: chupa ya achari, mchele, kabati lililo mbali na ukuta wa jua. Friji kama ana nafasi, lakini asijilaumu kama hana.

Kikundi kinachouza choya, au skuli yenye shamba la mafunzo: chupa ndogo ndogo zilizokauka kwa mchele, nusu kabatini, nusu frijini, na mtu mmoja mwenye dhamana ya kuzifungua. Mbegu ya kikundi inapotea zaidi kwa mifuniko iliyoachwa wazi kuliko kwa kuvu. Na sehemu moja ya mbegu ipelekwe kwa mwenzenu wa kijiji kingine, ili mafuriko au panya wa nyumba moja wasimalize kila kitu.

Mwenye aina ya zamani ya familia, bamia la bibi lisilopatikana dukani: mchele kwanza, kisha friza, na kila mwaka wa pili au wa tatu apande kidogo na avune mbegu mpya.

Vyovyote utakavyochagua, pima kabla ya kupanda. Hesabu mbegu 20, zifunge kwenye kitambaa kibichi ndani ya sahani iliyofunikwa, usikiache kikauke. Bamia huchungulia ndani ya wiki moja. Zikitoka 16, panda kwa kawaida. Zikitoka 10, tia mbegu mbili kila shimo. Zikitoka tano, usilime shamba zima kwa mbegu hiyo. Panda tuta moja la kuzalishia mbegu mpya. Na kama ulikausha vizuri mno kwa mchele, usiogope zikichelewa: bamia iliyokauka sana huwa na ganda gumu linalokataa maji. Ziloweke usiku mzima kwenye maji ya vuguvugu, zile ambazo asubuhi hazikuvimba uzikwaruze kwa msasa, uzirudishe majini mpaka jioni.